Maneno Kumi kwa Fundi Daftari

6 Februari

Kaka yangu mpenzi, Fundi Daftari,

Shikamoo. Naanza na salamu mapema, maana ukizikosa unasema nimesahau adabu. Mimi mzima, shemeji yako mzima ila goti, na wapwa wako wazima kupita kiasi: juzi wamevunja kiti wakicheza farasi, wakamsingizia paka. Paka hatuna.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu kwako haisaidii. Kila nikikupigia nasikia cherehani, halafu "ehee", halafu cherehani.

Sasa kaa chini. Unaijua kazi yangu hapa hospitali: nakaa kwenye chumba cha kupimia kumbukumbu, nawasomea watu maneno kumi kutoka kwenye kadi, tunapiga soga kidogo, kisha nawaomba wayarudie. Si daktari mimi, ni msoma kadi. Lakini miaka sita ya kusoma kadi imenionyesha mambo. Mwezi uliopita alikuja dereva wa lori, mvutaji wa paketi mbili kwa siku, umri wako kasoro mwaka. Akanirudishia maneno matatu. La nne akasema ni "lile jingine". Yeye alicheka, mkewe hakucheka.

Nikakukumbuka wewe, nikamkumbuka na Baba. Siwezi kuapa kwamba ni sigara iliyomfanya Baba aniulize mimi ni binti wa nani. Hata daktari wetu hawezi kuapa, maana uzee nao una mambo yake. Ila anasema sigara kwa miaka mingi huharibu mishipa inayoupelekea ubongo damu, na mvutaji yuko hatarini zaidi ya kupoteza kumbukumbu. Naogopa, kaka. Mzee mmoja asiyenijua ananitosha.

Basi acha. Miezi mitatu tu, tuone. Na tusibishane kwa maneno matupu, nakupa kadi. Soma mara moja, mpe wifi barua aikalie, kunywa chai, kisha andika unayoyakumbuka: ndoo, jirani, chungwa, ngazi, sindano, mvua, kitasa, bata, pazia, daraja.

Mdogo wako,
Msoma Kadi


1 Machi

Mdogo wangu Msoma Kadi,

Marahaba. Salamu zimefika, na goti la shemeji tumelipa pole. Huku wote wazima. Mwanangu mkubwa amefaulu kila somo isipokuwa lile ninalomsaidia mimi.

Maneno yako haya hapa: ndoo, jirani, chungwa, sindano, bata, pazia, ngazi. Saba! Wifi yako shahidi, aliiatamia barua kama kuku. Sindano hata ningekuwa maiti ningeikumbuka.

Sasa nisikilize na mimi. Sigara ndiyo inayonilisha. Mteja akija nampima nikitaja kwa sauti: shingo, bega, kifua, kiuno. Kisha natoka mlangoni, nawapa wote mgongo, navuta moja polepole huku navirudia vipimo kichwani. Nikirudi vimekaa, napiga chaki kwenye kitambaa. Halafu natoka tena kuvuta ya pili, hiyo tunaiita sigara ya mkasi, maana nikirudi hapo ndipo nakata. Miaka kumi na moja sijaandika kipimo cha mtu, na sijaharibu hata suruali moja. Jina la Daftari nililiokota? Liko kwenye ubao wa duka kwa rangi nyekundu!

La Baba tusiliguse.

Ila nitakuambia kitu, na kiishie kwako. Jumamosi nilizunguka duka zima natafuta sigara niliyokuwa nimeiwasha. Nikainua vitambaa, nikachungulia chini ya meza. Wifi yako alinitazama weee, mwisho akasema iko mdomoni. Nilicheka sana mbele yake. Nilipokwenda chooni peke yangu sikucheka.

Kwa hiyo nimekubali. Nimeanza Jumatatu. Lakini sharti ni hili: siku mteja akipata nguo isiyo yake kwa sababu kichwa changu kimekosa moshi, narudi kwenye paketi yangu, na wewe hutanitajia tena sigara hadi kiama.

Kaka yako,
Daftari


22 Machi

Mdogo wangu,

Sijasubiri jibu lako kwa sababu maji yamenifika shingoni. Salamu: watu wote wazima, mimi si mzima.

Wiki tatu bila sigara. Nimekuwa mkali hata kwa pasi. Mlangoni siendi tena, maana nikisimama pale mkono unapanda mdomoni wenyewe. Nakaa kwenye kiti kutwa nzima natafuna vifungo. Kimoja nimekimeza, cha shati la mteja. Wifi yako anasema tusubiri.

Sasa sikia balaa. Mwalimu wa hesabu, mwembamba yule, na muuza nyama wa kona, anayeingia dukani kwangu kwa ubavu, walileta vitambaa siku moja kwa ajili ya mahafali ya shule. Mwalimu kijivu cha heshima. Muuza nyama bluu yenye mistari ya njano, mtu na roho yake. Nikawapima, nikapiga chaki, nikakata papo hapo. Jana wakaja kujaribu. Mwalimu akaingia kwenye suruali, akaishika kiunoni kwa mikono miwili, akasema kwa upole, "Fundi, humu tutaenea mimi na darasa la saba." Muuza nyama tulimvisha koti watu watatu. Kumvua ilibidi tumwite wa nne.

Nilikuwa nimewabadilishia vipimo, mdogo wangu! Mimi! Daftari!

Nimeirudia kadi yako leo asubuhi: ndoo, bata, sigara, sindano, sigara. Ndiyo, najua.

Paketi iko mezani. Haijafunguliwa. Mahafali ni mwezi ujao na jina langu linachekwa hadi kwenye foleni ya maji. Naisubiri barua yako. Isipofika, nafungua.

Kaka yako

Wifi, ni mimi, ametoka kumsindikiza mteja. Mwambie avute hata moja tu! Hapana, usimwambie. Nina jambo limenikaa kooni miaka kumi na moja na nikilisema nyumba itawaka, ila nisiposema ataru


10 Aprili

Kaka,

Usifungue paketi!

Nimeliweka hilo mbele ya salamu, nisamehe. Sasa shikamoo. Tu wazima. Paka tumempata kweli, ili wapwa wako wawe na wa kumsingizia. Barua yako ilizunguka, imenifikia juzi, nami naandika nikiwa nimesimama kwenye korido.

Sikufichi: sigara ikifika kichwani inaamsha kweli, kwa dakika chache. Hujaota. Lakini ubongo nao si mjinga. Ukiona mgeni huyo anakuja kila saa, unamwongezea milango ya kumpokea. Siku asipokuja, milango yote inagonga kwa pamoja: unakuwa mkali, unasahau, unakata suruali ya watu wawili. Ukivuta, kelele inatulia, nawe unaisifu sigara kwamba imekupa akili. Ni mwizi anayekurudishia kuku wako mwenyewe halafu anasubiri asante.

Milango hiyo hujifunga, kaka. Wiki za mwanzo ndizo chungu, baadaye kichwa kinatulia kidogo kidogo. Usiniulize nimejuaje kwamba siku ya nne ndiyo mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo vumilia. Andika vipimo kwenye karatasi, hutakufa. Na jambo la wifi, mwambie alitoe, asilimeze kama kifungo.

Mimi sijambo, kazi nyingi tu.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu Msoma Kadi,

Marahaba mara mia! Huku kuna habari hata sijui nianze na ipi. Nianze na kifungo: kimepatikana. Mteja hajaambiwa.

La pili. Nilipomsomea wifi yako barua yako, ile sehemu ya kuandika vipimo kwenye karatasi, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini juu ya vitambaa. Kisha akaenda kwenye kopo la vifungo, akalinyanyua, na chini yake akatoa daftari. Daftari, mdogo wangu! Lenye jalada la plastiki! Ndani mna kila mteja tangu tufungue duka. Kumbe mimi nikitaja vipimo kwa sauti, yeye anaviandika. Nikitoka mlangoni na kuwapa mgongo, anamaliza kuandika. Nikirudi na kupiga chaki kwa kichwa changu cha ajabu, yeye ananyamaza. Nikitoka kuvuta sigara ya mkasi, ananyanyuka, anapima mistari yangu, palipo na kosa anafuta kwa kiganja, anachora upya, anarudi kwenye vifungo vyake kama hakuna lililotokea.

"Mara ngapi nilikosea?" nikamuuliza.

"Siku nzuri, mara moja kwa siku," akasema. "Miaka hii miwili, karibu kila nguo."

Unaona? Sigara haikuwa inanikumbusha chochote. Ilikuwa inanitoa nje ili mwenye akili afanye kazi! Nilipoacha kuvuta nikaacha kutoka, nikakata palepale, mkasi ukala kitambaa kabla hajanyanyuka. Eti hakuniambia kwa sababu ya ule ubao wa rangi nyekundu. Alisema, "Ulikuwa unafurahi sana, ningeanzia wapi?"

Nilinuna nusu siku. Nusu nyingine nilicheka hadi pasi ikaunguza kola. Sasa tunapima pamoja na anaandika mezani mchana kweupe. Paketi nimempa muuza nyama aitupe, akanionyesha ameitupa kweli, kwenye mifupa.

Mahafali? Tukawaambia wabadilishane suti, basi! Vipimo si vilikuwa vimebadilishwa? Mwalimu wa hesabu kaingia ukumbini na bluu ya mistari ya njano, wanafunzi wakasimama kumpigia makofi. Amekuja kuagiza nyingine. Muuza nyama katika kijivu amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa wazazi.

La tatu, kadi yako. Nimemkalisha wifi yako juu ya barua, nimekunywa chai, na nimeandika hivi: ndoo, jirani, chungwa, ngazi, sindano, mvua, kitasa, bata, pazia, daraja. Kumi. Nimerukaruka dukani na miaka yangu yote hii.

La nne nalisema polepole. Pua yangu imefunguka. Nanusa sabuni, nanusa mafuta ya cherehani, nanusa mvua kabla haijaja. Juzi nilizitoa barua zako mbili nizisome upya, nikazinusa. Zinanuka sigara. Nikadhani ni vidole vyangu, nikampa wifi yako. Akanusa, akatazama dari.

Shemeji havuti. Wapwa wangu wadogo. Paka mmempata juzi tu. Sasa ni nani?

Zamu yako, Msoma Kadi. Soma mara moja, mpe shemeji aikalie barua: cherehani, kifungo, punda, sabuni, mkasi, kiberiti, kofia, dirisha, uzi, kiti.

Kaka yako,
Daftari Mstaafu


14 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika. Sote wazima. Goti la shemeji yako limepona. Paka anakula. Hongera kwa maneno kumi, na mpe wifi hongera zaidi. Kazi nyingi sana siku hizi.

Mdogo wako


5 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikuuliza swali, ukanijibu goti. Nimefurahi kwa ajili ya goti.

Karatasi yako hiyo fupi nayo nimeinusa. Umejaribu kuipaka manukato. Sasa inanuka mtu aliyevuta sigara akiwa anakwenda harusini.

Mdogo wangu, njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi sikuandikii kukusuta. Nilisema la Baba tusiliguse. Leo naligusa. Mwaka wake wa mwisho alikuja dukani, nikampima suruali. Akawa ananitazama kwa adabu, kama mteja mgeni. Akaniuliza, "Fundi, baba yako bado yupo?" Nikamwambia yupo. Akasema, "Mpelekee salamu zangu." Nilimaliza kumpima, nikatoka mlangoni, nikavuta tatu mfululizo. Sikumwambia mtu, hata wewe. Nilijua ukisikia utalia, na mimi ningelia nawe, na kazi zilikuwa nyingi.

Sitaki siku moja nikupime gauni, nawe unitume kwa kaka yako nimpelekee salamu.

Kifurushi kilichokuja na barua hii ni koti lako. Vipimo ni vya daftari la wifi yako, tangu ulipokuja kututembelea. Vaa kazini, korido hizo zina baridi. Utatafuta mifuko. Usiitafute, hakuna hata mmoja. Sikusahau, nimeandika kwenye karatasi: bila mifuko.

Maneno yangu kumi bado yako kwako.

Kaka yako


30 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa ajili ya koti.

Mganga hajigangi. Ndiyo, ni mimi. Miaka sita, tangu nianze kusoma kadi. Kuna ngazi nyuma ya chumba cha kufulia shuka za hospitali, ndiko nilikokuwa nakwenda kila akitoka mgonjwa wa kunivunja moyo, na kaka, wako wengi. Navuta moja, nakula pipi ya mnanaa, narudi na tabasamu na kadi mpya. Barua zako niliziandika pale pale kwenye ngazi, na ile ya Aprili niliyosema niko kwenye korido nilikudanganya, nilikuwa na sigara mkononi huku nakwambia usifungue paketi. Nimeona haya hadi masikio. Nilidhani hapa nyumbani hakuna ajuaye. Shemeji yako amejua tangu mwaka wa kwanza, alikuwa akininunulia mnanaa!

Mwishoni mwa Januari nilimwomba mwenzangu anisomee kadi, kwa mchezo tu. Nikapata matano. Mimi ninayezijua kadi zote kwa rangi! Wiki hiyo hiyo nikakuandikia wewe uache, maana kumwambia mtu mwingine ni rahisi. Na nilijiambia: akiweza Daftari, basi inawezekana. Nilijaribu kwa siri Machi, nikafika siku ya nne.

Koti lilifika katikati ya Julai. Kesho yake nikalivaa, nikaenda kwenye ngazi zangu, mkono ukashuka ubavuni kutafuta paketi. Ukateleza. Nikajaribu upande wa pili, ukateleza. Nikajipapasa kama kuku mwenye viroboto, kumbe paketi nimeiacha kwenye mkoba, ghorofa ya tatu. Nikacheka peke yangu hadi mfuaji akatoka na shuka begani kuuliza kuna nini. Sikupanda kuifuata. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza, leo ni wiki ya sita na siku mbili. Nilimpigia kelele paka, nikamwomba radhi. Wiki ya kwanza nilimsomea mzee mmoja kadi ile ile mara mbili, naye akanikumbusha mimi kwamba tumeshaisoma.

La Baba nimelisoma nikiwa na shemeji yako. Tumelia wote wawili. Asante kwa kuniambia, hata kama umechelewa.

Jana nikatoa maneno yako. Nimesoma mara moja, shemeji yako ameikalia barua na hataki kunyanyuka, anasema sheria ni sheria. Haya: cherehani, kifungo, punda, sabuni, mkasi, kofia, dirisha, uzi, kiti.

Tisa. La kumi limenitoka kabisa, kaka. Nimelizunguka asubuhi hadi jioni, nimepita kwenye herufi zote, halipo. Niambie ukweli kama unavyomwambia mteja kuhusu tumbo lake: niogope?

Mdogo wako,
Msoma Kadi, wiki ya sita na siku mbili


20 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeinusa barua yako kabla ya kuisoma. Inanuka karatasi.

Nimeisoma mara mbili, wifi yako akisoma begani mwangu. Tulipofika kwenye maneno yako tisa tukahesabu kwa vidole kutafuta lililokosekana. Alilipata yeye kwanza, kama kawaida ya nyumba hii, akapiga ukelele hadi muuza nyama akaja kutoka kona.

Usiogope. Umesahau kiberiti.

Nakushauri kama kaka: usijitaabishe kulikumbuka. Wifi yako ametoa daftari, amefungua ukurasa wako, na chini ya kifua na kiuno amekuandikia kumi kwa kumi.

Kaka yako